Maji ya shisha hayachuji sumu

Dada, umeuliza kama shisha ina nafuu kwa kuwa moshi unapita majini. Haina. Maji yanaupoza tu. Nikotini na lami vinafika mapafuni vilevile. Imani hiyo ni ya zamani, tangu India ya karne ya 16, enzi maji ya shisha yalipowekwa kwenye kifuu cha nazi. Shisha hii yenye ladha ya tufaha ilisambaa miaka ya 1990.

Kinachonitisha zaidi ni mkaa. Juni hapa Mbeya mnafunga madirisha kwa baridi, mrija unazunguka mdomo kwa mdomo, kaa jekundu liko juu ya foili. Hewa ya kaa hilo ndiyo ile ya jiko la mkaa linaloua watu usingizini! Ukisikia kichwa kinagonga au kizunguzungu, toka nje haraka, na umtoe mwenzio.