Litoe gazeti kwenye fremu kwanza, bei baadaye

Ndugu, usitume hiyo pesa. Kama umeshaanza kubonyeza M-Pesa, ghairi sasa hivi, halafu urudi usome.

Umesema umepata gazeti la kale, Daily Mail la London la 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani. Liko ndani ya fremu nyeusi yenye kioo, muuzaji anataka Sh35,000, na amekuapia kwamba lilitoka kwa familia ya walowezi waliohama mtaa wa Karen hapa Nairobi. Unauliza kama bei inafaa na utalihifadhije lisiharibike. Bei haifai, kwa sababu hujui unanunua nini. Picha zote ulizoweka hapa ni za ukurasa wa mbele. Ukurasa wa pili uko wapi?

Mimi niliuziwa ndugu yake, Daily Mail la 8 Mei 1945, siku ya ushindi Ulaya. Nililipata katika duka la vitu vya kale hapa hapa Nairobi, na jina lake silitaji. Mzee wa duka alikuwa na hadithi tamu: afisa wa King's African Rifles, lile jeshi la mkoloni Afrika Mashariki, sanduku la bati, mjane aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Nilimwomba alitoe kwenye fremu nilione vizuri. Akashtuka kama nimemwomba amchinje mtoto. Akasema karatasi ya miaka hiyo ikipigwa na hewa tu inavunjika vipande vipande. Maneno hayo ndiyo yaliyonilia Sh28,000.

Na ni uongo mtupu. Karatasi ya magazeti ya wakati ule ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake mna asidi na lignini, ile gundi ya asili ya mti. Hizo ndizo zinazoifanya iwe ya manjano, kisha kahawia, kisha ivunjike pembeni. Hali hiyo inatokea polepole kwa miaka mingi, na mwanga na joto huiharakisha. Haitokei kwa sababu fundi amefungua kioo kwa dakika kumi. Magazeti ya kale ya nchi hii yaliyohifadhiwa Maktaba ya McMillan pale Banda Street yamefunguliwa na watafiti miaka nenda miaka rudi. Ukilishika taratibu, kwa mikono misafi, juu ya meza kavu, halitakufia mkononi.

Ukweli niliujua kioo kilipopata ufa nikalipeleka kwa fundi wa fremu. Aling'oa vile vimisumari vya nyuma, akainua ubao, akaniita nitazame. Mgongo wa gazeti ulikuwa mtupu, hauna hata herufi moja. Kisha akaondoa ile kadibodi nene iliyokatwa dirisha, inayozunguka gazeti mbele. Chini yake, kwenye ukingo kabisa, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo za Kiingereza ukisema waziwazi kwamba hiyo ni nakala iliyochapishwa upya. Mchapishaji wa nakala alikuwa mwaminifu. Kadibodi ilikuwa imekatwa pana zaidi upande wa chini kuliko pande nyingine tatu, kiasi cha kuufunika mstari ule barabara. Hiyo si bahati mbaya. Mtu alipima kwa rula, akajua anachokificha.

Niliporudi dukani, mzee akaniangalia machoni na kuniambia hajawahi kutamka neno "orijino". Yeye alisema tu "gazeti la 1945". Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inanichemka. Nakala haina dhambi yoyote. Kuna watu wanazipenda, walimu wanazitumia darasani, na mpenda historia anaweza kuisoma habari ya siku ile kama ilivyopangwa ukurasani. Iuze kama nakala, kwa bei ya nakala, nami nitakushukuru. Lakini kuikatia kadibodi, kuibandika hadithi ya mjane na kuikadiria kwa bei ya orijino ni wizi, na wanaofanya hivyo wanajua ni wizi.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke: gazeti lililo ndani ya fremu halinunuliwi. Litolewe. Lote. Mbele, nyuma, kingo zote nne.

Likishatoka, ligeuze. Ni kweli magazeti ya Uingereza yalikonda wakati wa vita, hasa baada ya Norway kutekwa mwaka 1940 na malighafi ya karatasi kukatika, mengine yakabaki na kurasa nne tu. Lakini hata hizo nne zilijazwa habari pande zote, maana karatasi ilikuwa adimu. Upande mmoja ukiwa mtupu, umeshapata jibu.

Kisha azima lenzi kwa fundi saa. Zamani herufi za madini ya risasi ziliigandamiza karatasi yenyewe, kwa hiyo wino umekolea, kingo za herufi ni kali, na mara nyingine ukipapasa nyuma unahisi vialama. Nakala hupigwa picha kwanza: herufi zinavimba, matundu ya "e" na "a" yanazibika, na picha za watu zinakuwa na nukta juu ya nukta hadi zinatoa mawimbi ya ajabu. Chukua pia tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikiwaka buluu, ina dawa ya kung'arisha ambayo haikuwepo kwenye karatasi za 1939, basi funga mjadala. Isipowaka, usishangilie, kwa sababu karatasi nyingi za magazeti za miaka ya karibuni nazo haziwaki.

Rangi isikudanganye kabisa. Naona wadau wawili hapo juu wamekuambia "limechakaa, kwa hiyo ni la kweli". Jamani! Nakala nayo huzeeka. Uingereza walitoa mfululizo mzima wa nakala za magazeti ya vita katika miaka ya 1970, na hizo sasa zimegeuka manjano zenyewe bila kuchovywa kwenye chai. Wamarekani wana gazeti la Vicksburg la Julai 1863, lililochapishwa nyuma ya karatasi za ukutani kwa kukosa karatasi ya kawaida. Limenakiliwa tangu zamani mno, na baadhi ya nakala hizo zenyewe leo ni vitu vya kale.

Na yule aliyesema ana Times la London la 1940 lenye kichwa kikubwa cha vita ukurasa wa mbele, aliangalie upya leo usiku. Times lilijaza matangazo madogo madogo ukurasa wa kwanza mpaka Mei 1966. Alichonacho si ukurasa wa mbele wa Times la 1940, hata kama fremu yake ni ya mvule.

Wewe sasa mpigie muuzaji. Mwambie utakuja na fundi wako wa fremu, gharama ya kufungua na kufunga tena ni juu yako. Akisema litavunjika, akisema familia ya Karen haitaki liguswe, akisema kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja. Akikubali, piga picha ya ukurasa wa pili na ya ukingo wa chini kwa karibu, uziweke hapa kabla hujalipa. Nitakuwa macho.