Kabla Hujapigiwa Makofi: Maneno kwa Mafundi Wapya wa Kujitolea

Katika kikao chetu kilichopita cha Repair Café, yaani pale tunapowatengenezea watu vifaa vyao bila malipo, huku Eastlands jijini Nairobi, kijana mmoja aliyejiunga nasi majuzi alikata kipande cha waya kilichoungua ndani ya feni ya mezani, akaunganisha upya, feni ikazunguka na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwenye feni aliondoka nayo akitabasamu kabla ya mtu yeyote kuuliza ni nini kilichouchoma waya ule. Mimi ninakisia kwamba bushi za mota, zile pete zinazoshikilia mhimili unaozunguka, zilikuwa zimekauka mafuta, mota ikawa inazunguka kwa taabu, joto likapanda, na pale palipokuwa dhaifu pakaungua. Hakuna aliyetia hata tone la mafuta. Feni ile itarudi, na safari hiyo itakuja na harufu. Ndugu zangu wapya, ninawapenda, na bila ninyi foleni yetu ingefika barabarani, lakini makosa haya sisi tuliyafanya kabla yenu na inanichosha kuyaona yakirudiwa kana kwamba yamegunduliwa leo.

Repair Café ya kwanza iliandaliwa na Martine Postma jijini Amsterdam mwaka 2009, katika nchi ambako mtu aliyeharibikiwa na kibaniko cha mkate mara nyingi huona ni nafuu kukitupa kuliko kumtafuta wa kukitengeneza. Nairobi haina shida hiyo. Kuanzia maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli hadi soko la Gikomba, na karibu kila kona ya mtaa, kuna fundi mwenye meza, mita ya kupimia umeme na uzoefu unaoushinda wangu, na fundi huyo ana kodi ya kibanda ya kulipa. Hatukuja kumnyang'anya riziki. Tulicho nacho sisi, na ambacho yeye hawezi kukitoa akiwa na wateja kumi wanaomkodolea macho, ni muda wa kumketisha mwenye kifaa kando yetu, ashike tochi, aone kilichoharibika na aondoke akijua kwa nini kiliharibika. Hilo lisipofanyika, basi sisi ni fundi wa mtaani asiyelipisha, tena mwenye ujuzi mdogo kumshinda. Nitayapanga yanayofuata kwa nambari, ingawa ninajijua, nitapotea njiani.

1. Mwenye kifaa aketi mezani, asiende kunywa chai. Muulize tatizo lilianza lini, kulikuwa na harufu au cheche, na nani alikuwa akikitumia. Miezi kadhaa iliyopita mwenzenu mmoja alitumia sehemu kubwa ya asubuhi akiichambua blenda hadi kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, akizipima na kuzipanga kwenye kitambaa kwa usafi uliotupendeza sote, huku mwenye blenda akiwa nje kivulini. Alipoitwa hatimaye, alisema sentensi moja tu, kwamba blenda ililetwa na dada yake kutoka Marekani, naye aliichomeka kwa adapta ikatoa moshi mara moja. Ile ilikuwa blenda ya volti 120 iliyopewa 240. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi umeme, na volti zikiongezeka maradufu waya zilezile hupokea joto la takriban mara nne. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko cha chini ya kifaa, mahali ambapo mwenzetu alikuwa ameweka kikombe chake.

2. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi hujui aliyezifunga waya alizifunga kwa kufuata utaratibu upi. Hata baada ya kuchomoa, kumbuka kwamba kapasita kubwa, kile kipande kinachohifadhi umeme, iliyo kwenye upande wa umeme wa ukutani wa televisheni au dekoda huwa imejazwa takriban volti 340, na huweza kubaki nazo. Ipime, uitoe chaji polepole kwa rezista, kile kipande kinachozuia umeme usipite kwa kasi, usiigonge kwa bisibisi ili wenzako waone cheche. Maikrowevu hatuifungui kabisa, kwa sababu kapasita yake hubeba zaidi ya volti 2,000, na sitaki mjadala juu ya hilo. Mtungi wa gesi na regulata yake haviingii ukumbini.

3. Fyuzi ya plagi huchaguliwa kwa kufuata kifaa, si kwa kufuata iliyo mfukoni. Redio hupewa ya ampea 3 na pasi hupewa ya 13, na hakuna kifaa kinachopewa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

4. Fyuzi ya joto, ile inayokata umeme kifaa kikipata moto kupita kiasi, haikatiki bure. Hapa mtanivumilia.

Nilipokuwa mpya kama ninyi, mama mmoja aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za majirani kwa malipo aliniletea pasi iliyokataa kupata moto. Niliifungua mbele yake kwa mbwembwe: skrubu ya nyuma, kifuniko cha mkia, kisha mpini. Nikapima waya kutoka kwenye plagi, mita ikalia, ishara kwamba njia ya umeme haijakatika. Nikapima elementi, ile sehemu inayotoa moto, ikasoma omu 48, ambazo ndizo unazozitarajia kwa pasi ya wati 1,200. Nikapima fyuzi ya joto, ile iliyofichwa ndani ya mrija wa nyuzi za kioo, na mita ikanyamaza. Nilifurahi kama daktari aliyeupata ugonjwa kabla ya daktari mkuu. Fyuzi ya kubadilisha sikuwa nayo, maduka yalikuwa yamefungwa, na foleni nyuma ya mama yule ilikuwa imeanza kuguna. Basi nikaikata fyuzi, nikaziunganisha ncha mbili za waya moja kwa moja kwa kibano, yaani kijipande cha chuma cha kubania waya, nikafunga. Pasi ilipata moto palepale. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka, nami nikaandika katika daftari kwamba kifaa kimetengenezwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida yangu.

Jambo ambalo sikulifanya lingechukua sekunde chache. Sikukizungusha kitufe cha thamostati, ile swichi inayowasha na kukata umeme kulingana na moto wa pasi, hadi mwisho wa chini huku nikiwa nimeshikilia mita. Ningefanya hivyo ningeisikia mita ikiendelea kulia mahali ilipopaswa kunyamaza, kwa sababu ncha za thamostati zilikuwa zimeungana kwa cheche za miaka mingi, na umeme ulikuwa ukipita bila kikomo hata kitufe kikiwa kimeshushwa kabisa. Fyuzi ilikatika kwa sababu hiyo hasa, yaani ilifanya kazi iliyowekewa, nami nikaiadhibu kwa kuitoa.

Siku chache baadaye mama aliisimamisha pasi wima, kitufe kikiwa chini kabisa, akatoka kuanua nguo kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza. Aliporudi, plastiki ilikuwa imelegea, pasi imeangukia sweta ya shule ya mtoto wa mteja, na meza inafuka moshi. Jirani alikimbilia swichi kuu. Hakuna aliyeumia, na hilo ninalishukuru mpaka leo, lakini sweta aliilipa yeye kutokana na fedha za kufulia, na mteja yule hakurudi.

Haya yote niliyajua katika kikao kilichofuata, alipokuja na pasi ndani ya mfuko wa unga. Nilimwona mlangoni, nikadhani ameniletea kazi nyingine, nikamkaribisha kwa bashasha ambayo nikiikumbuka sasa ninafumba macho. Hakuja kugombana. Alikuja kuuliza alikosea wapi, kwa kuwa aliamini ni yeye aliyesahau kupunguza moto. Kishawishi kilichonijia hapo nitakitaja, kwa sababu kitawajia nanyi siku moja: pasi ilikuwa imeharibika kiasi kwamba hakuna ambaye angejua. Ningesema tu kwamba bidhaa za siku hizi ni hafifu, naye angekubali, na pengine angeniombea baraka tena. Nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwaminifu. Kisha nikaifungua, nikamwonyesha ncha zilizoungana na kibano changu kikiwa kimekaa mahali pa fyuzi, nikamweleza kila kimoja kilikuwa na kazi gani na mimi nilifanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, pasi ya makaa ina adabu. Ukiiacha, inapoa." Nilimrudishia fedha za sweta, lakini pasi mpya sikuwa na uwezo wa kumnunulia mwezi ule, kwa hiyo alirudia makaa, na kila nilipopita kwake nilimkuta akikung'uta majivu kutoka kwenye shati jeupe la mtu.

Kwa hiyo fyuzi ya joto ikiwa imekatika, tafuta kwanza kilichoikata, na usiweke nyingine kabla hujakiona. Mpya iwe na nyuzi joto zilezile zilizoandikwa ubavuni mwa ile ya zamani. Ibane kwa kibano, usiilehemu, kwa kuwa joto la chuma cha kulehemu linaweza kuikata ukiwa bado umeishika, na lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, ilhali pasi iliyowekwa kwenye pamba hufika nyuzi 200 au karibu na hapo. Huna fyuzi? Mwandikie mwenye pasi aina yake kwenye karatasi, aende Luthuli, arudi nayo kikao kijacho. Kijana wa feni aliniuliza tufanye nini mtu akikasirika kwa kurudishwa mikono mitupu. Akasirike. Daftari letu lina safu tatu, yaani kilichotengenezwa, kinachosubiri kipuri na kilichoshindikana, na sijawahi kumwona mtu akichomwa na kifaa kilichoandikwa kwenye safu ya tatu.

5. Kabla ya kumrudishia mtu kifaa chochote chenye mwili wa chuma na plagi ya pini tatu, pima kutoka pini ya ardhi hadi kwenye chuma na mita ilie, kisha pima kutoka zile pini nyingine mbili, laivu na nyutro, hadi kwenye chuma na mita inyamaze. Hili ndilo jambo lenye manufaa kuliko yote niliyoyaandika hapa, na ninajua ndilo mtakalolisahau kwanza.

6. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Skrubu zipange kwenye vifuniko vya chupa kwa mpangilio wa kufungua, maana ile ndefu ikiingia kwenye tundu la ile fupi hutoboa kitu ambacho hukukikusudia. Pasi au kikaushia nywele kikikataa kuwaka, pinda waya pale unapoingia kwenye mpini huku mita ikiwa imeunganishwa. Mara nyingi kazi huishia hapo.

7. Betri ya simu au ya taa ya sola iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi na haijaribiwi "mara moja tu". Iwekwe kwenye ndoo ya mchanga iliyo karibu na mlango. Mwisho wa siku tunazipeleka kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki, kwa sababu zikiingia kwenye pipa la kawaida safari yao huishia jaa la Dandora, ambako kuna watu wanaochambua taka kwa mikono. Yule aliyeitumia ndoo hiyo kuzimia sigara anajijua.

8. Usimdharau fundi wa mtaani mbele ya mwenye kifaa, hata ukikuta ameunganisha waya kwa mfuko wa nailoni. Alikuwa na vipuri alivyokuwa navyo, na kuna siku kifaa ulichokigusa wewe kitafunguliwa mezani pake naye ataona kazi yako.

9. Kikao kijacho fikeni mapema, kabla ya viti kupangwa, kwa kuwa anayechelewa hupewa meza ya mbali na soketi na hupoteza asubuhi akigombania ekstensheni. Kila mmoja aje na bisibisi zake mwenyewe zikiwa na alama. Bisibisi yangu ya nyota, yenye mpini wa njano, haijaonekana tangu siku ya feni, na ninaomba irudishwe bila maelezo.