Masikio, pini na bangili: kwa unayeanza kazi kwenye duka la bustani ya burudani

Ukiajiriwa kwenye maduka haya, utafundishwa kwanza mashine ya malipo na kupanga rafu. Jifunze hayo vizuri, ila tangu siku ya kwanza angalia pia vichwa, shingo na mikono ya wanaopita, kwa sababu bidhaa hizi hutangazwa na wanaozivaa. Mtoto mmoja akipita amevaa kichwani masikio ya panya Mickey wa Disney, yanayometameta, mzazi wa mtoto mwingine atakuuliza yanauzwa wapi kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo masikio yapange mbele asubuhi. Aliyenunua saa tatu atayavaa kutwa, na picha zote za siku atakuwa nayo kichwani. Vinavyowaka taa vitoe jioni, watu wanaposubiri fataki. Kwenye jua kali la Orlando, Marekani, kwenye bustani za Disney, taa hizo hazionekani, na utamchosha mteja bure.

Familia nyingi huja zimepanga kuvaa namna moja, kama sare ya harusi kwetu. Uliza wako wangapi, wadogo wana umri gani, kisha watolee za kufanana.

Bei hupangi wewe, lakini lazima ujue kuieleza. Walt Disney World, bustani hizo za Orlando, ilipoleta bangili ya kielektroniki iitwayo MagicBand mwaka 2013, waliolala kwenye hoteli zake walipewa bure. Bangili hiyo ilifungua mlango wa chumba, ilipitisha langoni na ililipia chakula. Bure hiyo ilikoma mwanzoni mwa 2021, na MagicBand+ ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilianzia karibu dola 35. Kufikia hapo watu walishazoea kuivaa, na wengine walishaanza kukusanya rangi na michoro. Lakini leo simu inafungua mlango vilevile. Ukimwambia mteja kwamba bangili inafungua chumba, hujampa sababu ya kutoa pesa. Mwonyeshe inavyowaka na kutetema sambamba na maonyesho ya usiku.

Universal Studios Japan, kule Osaka, walilipanga jambo hili kwa ustadi walipofungua eneo la Nintendo, kampuni ya michezo ya video, mwaka 2021. Bangili ya huko iliuzwa yeni 3,200, nje ya kiingilio. Ukiwa nayo unagonga maboksi ukutani, unaokota sarafu, na alama zako zinatunzwa kwenye programu ya simu. Bila bangili bado unapanda gari la Mario, mhusika mkuu wa michezo hiyo, ila michezo ya kutafuta funguo huipati. Mteja anaona mwenyewe analipia nini. Tena zilitoka za wahusika mbalimbali, kila mtoto akachagua wake, na baba akajikuta ananunua tatu badala ya moja. Wewe onyesha matumizi kwanza, bei ifuate. Usimwambie mzazi kwamba bila bangili siku ya mtoto imeharibika. Si kweli, na mzazi aliyebanwa hivyo harudi kwako.

Kwenye pini, yaani beji ndogo za kubandika zenye picha za wahusika, ndiko kuna somo kubwa zaidi. Disney ilianzisha kubadilishana pini Oktoba 1999, katika shamrashamra za milenia. Mfanyakazi huvaa pini kwenye mkanda wa shingoni, na mgeni mwenye pini halali anaruhusiwa kuchagua moja, wakabadilishana. Zipo hata pini zisizouzwa dukani, zinazopatikana kwa kubadilishana na mfanyakazi tu. Mtu ananunua pini ya kawaida, ya bei ya chini, ili apate ya kubadilishia, na kesho ananunua nyingine. Ukivaa mkanda huo, uvae kwa moyo, na ukimwona mtoto anaona haya, mwite wewe.

Pini za toleo maalumu huonyesha nyuma idadi iliyotengenezwa. Heshimu idadi hiyo, na heshimu kikomo cha ununuzi kwa kila mtu, hata anayeomba nyongeza akiwa rafiki yako. Walanguzi huja duka linapofunguliwa, wakazoa kila kitu, na jioni unakuta pini zilezile mtandaoni kwa bei maradufu. Mkusanyaji wa kweli akikosa mara kadhaa kwa sababu yao, anaacha kukusanya. Vivyo hivyo usiwe mwepesi kupendekeza toleo hilo lishushwe bei likichelewa kuisha, maana aliyelipa bei kamili wiki iliyopita atajiona ameibiwa.

Feki utazijua kwa kingo zisizo laini, rangi isiyojaa na mhuri wa nyuma uliofifia. Mara nyingi mtoto aliyekuja nayo hajui, na mzazi aliinunua mtandaoni kwa nia njema. Usiseme mbele za watu.

Kuhusu maboksi ya siri, ambayo mnunuzi haoni pini iliyomo mpaka afungue, mwambie mzazi wazi kwamba anaweza kupata pini aliyonayo tayari, kisha mwachie aamue.

Kabla hujatoka zamu, andika kilichoulizwa kikakosekana: saizi gani, mhusika gani, rangi gani. Mpe msimamizi karatasi hiyo kabla hajaagiza mzigo.