Bei ya kisiwani ina kalenda yake: kuendesha nyumba Unguja

Unguja kitu kimoja kina bei mbili: bei ya siku yake na bei ya siku isiyo yake. Anayenunua kila jioni kwa ajili ya sufuria ya jioni hiyo hulipa ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza, na mwezi ukiisha haelewi pesa imepita mlango gani. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia duka la rahisi, tenganisha matumizi yako: vinavyovushwa na vinavyotoka hapa hapa. Mchele wa nje, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula na gesi vimelipiwa chombo, bandari, na wachukuzi wa kupakia na wa kushusha kabla havijafika soko la Mwanakwerekwe. Vitu hivyo hufuata meli. Samaki, muhogo, majimbi, ndizi na shelisheli hufuata mwezi, upepo na mvua.

Samaki ndiye anayemaliza watu, basi tuanze naye. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki chini ya taa, vyombo vinapumzika na bei inapanda. Tazama kalenda ya Kiislamu: kuanzia tarehe 12 hadi 18 hivi usitegemee dagaa wa rahisi. Siku za mwisho za mwezi na za mwanzo wa mwezi mpya ndizo za kununua, tena nunua wa kuweka. Dagaa mkavu mzuri anang'aa, amenyooka, na ukimkunja anakatika. Anayepinda bado ana maji, na kwa unyevu wa kisiwani ataota ukungu ndani ya wiki. Tia kiganja ndani ya gunia ukitoe: ukiona mchanga, dagaa hao wameanikwa chini, na mchanga huo hautoki hata uoshe mara tano.

Sasa angalia: siku zile zile dagaa wanapoadimika ni siku za bamvua. Maji hupwa mbali, mwamba unabaki wazi, na watu wa vijijini wanatoka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo pweza hupatikana kwa wingi. Ila piga hesabu yake sawasawa. Pweza akichemshwa hupungua karibu nusu, hivyo kilo 2 mbichi ni kitoweo cha kilo 1 tu. Mchemshe bila kuongeza maji, yake mwenyewe yanamtosha, na chumvi iache mwisho.

Mnadani utapata bei nzuri kuliko fungu la sokoni, lakini mnada unauza kwa wingi. Njia inayofaa ni nyumba 3 au 4 kuchangia tenga moja. Kinachoharibu mpango huu ni kutokubaliana mapema: nani anakwenda, kiwango cha mwisho cha kupanda ni shilingi ngapi, na samaki watagawanywa kwa mizani au kwa macho. Gawanyeni kwa mizani. Fungu halina uzito, na hapo ndipo ujirani unapoingia doa. Kumbuka pia kwamba kichwa, mifupa na matumbo vya samaki mzima huweza kuchukua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo kichwa usikitupe, kichwa ni mchuzi wa siku ya pili.

Kusi kikishika, hasa Juni hadi Agosti, ngalawa na mashua ndogo haziendi nje kwa raha. Miezi hiyo hiyo wageni wanajaa kwenye hoteli za Nungwi na Paje, na hoteli haibishani bei. Mwenye nyumba afanye kunde, mbaazi, choroko na mayai viwe kitoweo cha siku 3 au 4 za wiki, na samaki abaki wa siku maalumu. Hilo peke yake linapunguza sana gharama za meza bila mtoto kulala na njaa.

Mchele ununue kwa polo, yaani gunia zima, si kwa kibaba. Mtu mmoja hula kama gramu 120 za mchele mkavu kwa mlo. Nyumba ya watu 6 inayopika wali mara moja kwa siku inahitaji karibu kilo 22 kwa mwezi, yaani polo la kilo 25 linatosha na kubakiza. Asiyeweza kulilipa peke yake agawane na jirani. Ukinunua kwa kopo, lipime mara moja kwenye mizani ya kweli ujue linachukua gramu ngapi, maana kopo lililobonyezwa chini linakula mchele wako kila siku. Polo liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, au umimine kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Likikaa sakafuni linavuta unyevu, na fukusi ndio wanaofuata. Fukusi wakiingia, utandaze mchele kivulini na upepete. Juani punje hupasuka na wali unatoka bokoboko.

Gesi ina wizi ambao wengi hawaujui. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, karibu na herufi TW. Ikiandikwa 7.4, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome 13.4 kwenye mizani. Upimwe mbele yako kabla ya kutoa pesa, na ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira, ukiona mapovu yanapanda kaza au rudisha. Maharage na kunde kavu ziloweke usiku kucha, utapunguza muda wa moto kwa kiasi kikubwa.

Kwenye umeme wa tukuza, yaani wa mita ya kulipia kabla, watu hulaumu taa na kuisahau hita. Kupasha lita 50 za maji ya kuoga kunakula karibu uniti 2. Birika la wati 2000 likichemsha kwa dakika 5 halifiki hata robo uniti, na pampu ndogo ya kujaza tangi kwa nusu saa vivyo hivyo. Anayetaka kupunguza aanze na hita na kiyoyozi. Na friza usiijaze akiba ya miezi. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya ule uliharibika na kisiwa kikakaa miezi 3 bila umeme wa gridi. Waya mkubwa zaidi ulianza kazi 2013, lakini akiba iliyo salama bado ni ile iliyokauka.

Nyumba ya kupanga usiipime kwa kodi peke yake. Wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 au mwaka mzima mbele. Uliza deni la maji na la mita kabla ya kulipa, na risiti iandikwe. Kisha hesabu daladala: nyumba inayokulazimu kupanda gari 2 kwenda na 2 kurudi ni nauli 104 kwa siku 26 za kazi. Ukiwa na watoto wawili wa skuli, kodi rahisi ya shamba, yaani nje ya mji, ukijumlisha nauli huenda ikazidi ya mjini.

Ramadhani ndiyo inayowavunja wengi, na inakuja na tarehe yake inajulikana. Sukari, tambi, kunde na unga wa ngano vinunuliwe mwezi wa Rajab, kabla Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, haijaanza kuchemka. Muhogo hauwekeki hivyo: ukishang'olewa, baada ya siku 2 au 3 unaanza mistari ya buluu ndani. Ununue siku unayoukuta rahisi, umenye, ukate vipande, uuzamishe kwenye maji na uyabadilishe kila siku.