Jibu: Kabla hujalipia hiyo kesi ya kompyuta yenye "pawa saplai ya bure"

Usinunue. Rudi hapo mwisho ulipoandika, "kesi inakuja na pawa saplai ya 650W bure, kwa hivyo hapo nimeokoa." Hujaokoa. Ndugu yangu wa Section 58, Nakuru, unayejiundia kompyuta, umeuliza mambo manne: prosesa uchukue Ryzen 5 5600 au i5-12400F, madabodi (ubao mkuu) ya B450 kama inatosha, ramu iwe GB 16 au 32, na kama kadi ya grafiki ya RX 580 ya mtumba bado ina maana. La pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za kulisha kompyuta, hukuuliza. Umelitaja tu kwa furaha, kama mtu aliyeongezwa nyanya mbili sokoni. Na ndilo lililonitoa kitandani saa hizi nikatafute pasiwadi ya akaunti ambayo sijaifungua tangu mwaka jana.

Mimi niko Kisumu, Manyatta. Kazi yangu ni video. Harusi zipo, harambee zipo, lakini mkate wangu ni mazishi. Huku kwetu mazishi si jambo la saa mbili, na jamaa walioko Marekani na Uingereza wanataka kuona kila kitu, kuanzia jeneza likitoka mochari hadi mjomba wa mwisho akinyang'anywa maikrofoni. Mwisho wa 2020 nikaamua kujiundia mashine. Ryzen 5 3600, B450, ramu 16, RX 580 ya mtumba kama yako. Vitu hivyo nilivitafuta wiki tatu, nikilinganisha bei za Luthuli Avenue, Nairobi, na za hapa mjini hadi mke wangu akadhani nina mtu.

Pawa saplai niliitafuta kwa dakika ngapi? Sikuitafuta. Ilikuwa ndani ya kesi tayari. Kesi yenyewe kioo ubavuni, feni tatu za rangi, inang'aa kama matatu ya usiku. Muuzaji akaipiga kofi mgongoni: "Hiyo ni 650, bosi. Hata kadi mbili inabeba." Nikamwamini kwa sababu alikuwa na shati safi. Huo ndio utafiti wote niliofanya.

Kwenye kadi ya RX 580 kuna tundu la pini 8. Ile pawa saplai ya "650" haikuwa na waya wa pini 8. Ilikuwa na waya mmoja wa pini 6, basi. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kitu cha wati 650 kinakosaje waya wa kulisha kadi moja? Mimi nilimuuliza muuzaji, naye akatoa kwenye droo kiadapta cha kuunganisha zile plagi nyeupe za zamani za diski na kuzigeuza kuwa pini 8. Akanipa bure pia. Siku hiyo nilipewa vitu vingi vya bure.

Miezi mitatu ikaenda vizuri, au niseme ikaenda. Halafu ikaanza kuzima. Si kuganda, kuzima: pap, giza, kama mtu aliyekatwa kauli. Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa mjinga kwa bidii. Ilikuwa haizimi nikiandika barua. Haizimi nikitazama filamu. Inazima tu nikiiambia itoe video kamili, yaani prosesa na kadi zinapofanya kazi kwa pamoja. Jibu lilikuwa limeandikwa ukutani kwa chokaa. Fundi wa kwanza akasema ni Windows, akaisakinisha upya, akala elfu na mia tano. Wa pili akasema ramu. Nikanunua ramu. Wa tatu akasema joto, nikanunua feni kubwa ya prosesa. Kisha mtu mmoja mtandaoni, na kama unasoma hapa ujue sijakusahau, akaniandikia kwamba "pawa saplai ni pawa saplai, mradi inawaka", shida ni stima ya Kisumu, ninunue stabilaiza. Nikanunua stabilaiza. Kufikia hapo nilikuwa nimetumia pesa za pawa saplai mbili za maana, kutibu kila kiungo isipokuwa kinachouma.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane usiku. Nilikuwa na mazishi ya mzee mmoja wa upande wa Seme, na familia ilitaka video kabla ya Jumamosi. Kamera mbili. Ya kwanza nimeihifadhi kwenye diski kubwa ya kawaida, ya pili kwenye SSD, ile diski isiyozunguka, ili ifanye kazi haraka. Kadi za kamera nimeshazifuta kwa sababu Ijumaa kulikuwa na mazishi mengine. Najua. Usiniambie. Mashine imefika asilimia sitini na kitu, nikasikia mlio kama wa mahindi yakipasuka, cheche ya samawati nyuma ya kesi, kisha swichi kuu ya nyumba ikaanguka. Nikadhani radi. Kulikuwa na mvua na huku kando ya ziwa radi haiombi ruhusa. Lakini radi haiachi harufu ya plastiki na samaki mbovu sebuleni.

Madabodi ilikufa. SSD ilikufa. Diski kubwa ikawa haizunguki. Prosesa ikapona, sijui kwa maombi ya nani, na kadi pia ikapona. Diski niliipeleka Nairobi kwa basi la usiku, nimeifunga kwenye taulo kama mtoto. Fundi wa huko akanionyesha kijidude kwenye ule ubao wake mdogo, kilichoungua kikajitoa mhanga volti zilipopanda. Akakitoa, diski ikazunguka, nikapata video ya kamera ya kwanza. Wiki tatu zilikuwa zimepita, na malipo yale siwezi kuyaandika hapa, kuna watu wa nyumbani wanasoma. SSD haikutoa kitu. Hotuba ya mjane ilikuwa kamera ya pili. Mpaka leo, kwenye video ya yule mzee, mkewe anasikika kutoka simu ya mpwa aliyekuwa amesimama karibu na jenereta. Harusi ikiharibika unaweza kuwarudisha maharusi bustanini wakapiga picha upya. Mzee wa Seme ningemwambiaje?

Nikarudi dukani na maiti yangu, ile pawa saplai, mkononi. Shati bado safi. "Stima ya Kisumu mbaya sana, bosi. Waranti haishughuliki na stima." Sasa, kwenye ekstensheni ileile, soketi ya pembeni, usiku uleule, kulikuwa na Dell OptiPlex 7010 ndogo ya ex-UK ambayo mke wangu anafanyia hesabu za duka. Pawa saplai yake imeandikwa wati 240. Mia mbili arobaini tu! Haikukohoa. Stima ilikuwa mbaya kwangu peke yangu? Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama nitahitaji kesi nyingine.

Fundi wa redio hapo Kondele ndiye aliyenifumbua macho, mzee ambaye hajawahi kujenga kompyuta maishani mwake. Aliifungua akacheka mpaka akaweka soda chini. Pale stima inapoingia, panapotakiwa kuwa na koili na kapasita za kuichuja, palikuwa na matundu matupu na vipande vya waya vya kuruka. Kiwanda kiliacha nafasi, kisha kikaona haina haja. Akaniambia, "Omera, hii ni sufuria yenye feni." Kisha akageuza lebo, ile lebo iliyokuwa inanitazama miezi yote hiyo, akaweka kidole kwenye mstari wa +12V: 16A, yaani ampea 16.

Zidisha ampea kwa volti. 16 mara 12 ni 192. Wati 192.

Prosesa na kadi ya grafiki hulishwa na mstari huo wa volti 12, karibu kila wati yake. RX 580 peke yake AMD wenyewe wameiandikia wati 185. Nilibakiwa na wati saba za kulisha prosesa, feni na diski mbili. Balbu ya choo inakula zaidi. Na hizo nyingine za "650" zilitoka wapi? Tukajumlisha mistari yote, 5V ilikuwa 25A, 3.3V ilikuwa 22A, tukafika 390 kwa ukarimu. Zilizobaki labda walihesabu kelele ya feni.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja na nitaisema hadi mnifungie akaunti: puuza namba kubwa iliyo kwenye boksi, tafuta ampea za +12V kwenye lebo, zidisha kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itakuonyesha ampea arobaini na kitu hapo, yaani karibu wati zake zote ziko kwenye mstari huo. Ukiona 650 kwa juu na 16A au 18A kwa chini, mtu anakudanganya kwa maandishi, na ushahidi ameubandika mwenyewe. Kama haina lebo kabisa, au lebo imefichwa upande wa ndani na muuzaji hataki kufungua skrubu nne, ondoka. Usibishane naye.

Mashine yako wewe: kadi 185. Prosesa ya 5600 imeandikwa 65 lakini ikikazwa hupita hapo kidogo. Madabodi, ramu, diski na feni tuseme 40 au 50. Uko kwenye 300 na ushee, na RX 580 ina tabia ya kuruka juu ghafla kwa muda mfupi sana. 550 ya kweli inakutosha na inabaki. Huhitaji 750, huhitaji cheti cha dhahabu (80 Plus Gold). Na hicho cheti cha 80 Plus usikifanye hirizi, kinapima ni kiasi gani cha stima kinapotea kuwa joto, hakipimi kama itakulinda siku ya kufa. Angalia pia iwe na waya wa pini 8 wa kadi, na ule wa prosesa wa 4+4 juu ya madabodi, vyote vikitoka kwenye pawa saplai yenyewe. Ukipewa adapta, umeshapewa jibu.

Ukipata ya mtumba yenye nyaya za kuchomoa, chukua na nyaya zake zilezile. Usiazime waya wa kampuni nyingine kwa sababu umeingia. Upande wa diski zote zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtu amepanga pini anavyotaka, na diski yako inaweza kupokea volti 12 panapotakiwa 5. Na kama nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230. Rafiki yangu aliletewa moja na binamu kutoka Marekani, stima yao ni 120, akaichomeka kwenye 240 yetu bila kutazama. Ilidumu muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Haya, prosesa. 5600 ni nzuri, chukua. Kumbuka tu haina grafiki ndani, na hiyo i5 yenye F mwishoni pia haina, kwa hivyo kadi ikifa huna picha kabisa. 5600G inayo. B450 inatosha, ila ni ubao wa 2018 na 5600 ni ya 2022. Kama baiosi, ile programu ya ndani ya madabodi, ni ya zamani mashine itawaka feni na skrini itabaki nyeusi. Mwambie muuzaji aisasishe na akuonyeshe ikiwaka na prosesa yako kabla hujalipa. Kuhusu kuchagua kati ya hizo mbili kulikuwa na kitu nilitaka kusema, kimenitoka.

Pesa ikikuishia, punguza ramu. Punguza kesi, weka vitu kwenye boksi la viatu kama ni lazima, mimi nilifanya hivyo miezi miwili na wateja hawakujua. Mashine yangu ya sasa ina prosesa ileile ya 2019, kadi ileile, na pawa saplai iliyonigharimu karibu sawa na prosesa. Kwa jicho ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, nyeusi, haina hata taa. Nimeipima kwa multimita video ikitoka: volti 12.04. Inayokubalika ni 11.4 hadi 12.6. Ile ya bure, yule mzee wa Kondele alikuwa nayo nyingine ya aina hiyohiyo kwenye kabati lake, bado nzima, tukaipa mzigo tukaona 10.9 na harufu ikaanza. Tukaizima haraka, yeye alikuwa na soda yake pale.

Swali la ramu mtu mwingine akujibu. Wewe wa Section 58, umesema unalipa kesho mchana. Kabla ya kutuma M-Pesa, piga picha ya lebo, upande wenye mstari wa +12V, uiweke hapa. Niko macho.