Pesa ya mti iko chini

Mti wa kwanza niliolipwa kuukata ulilala ndani ya dakika 40. Matawi yake yalichukua siku mbili na nusu kuondoka pale. Nilikuwa nimepatana bei nikiwa nimesimama getini, shingo nimeinyoosha juu, naangalia urefu tu. Sikuuliza taka zitaenda wapi. Mteja naye hakusema, maana kwake yeye "kukata mti" ni mti kutokuwepo tena: gogo, tawi, jani, vyote viondoke. Nilikodi gari mara tatu, nikamlipa msaidizi siku tatu badala ya moja, na nilipopiga hesabu nikakuta nimefanya kazi ya bure na hela yangu mwenyewe nimeongeza juu.

Tangu hapo, nikifika kwa mteja naanza kuangalia chini. Mti wenyewe nauangalia baadaye.

Chini kuna mengi. Kuna chemba ya maji taka yenye mfuniko mwembamba, kuna bomba lililopita juu juu, kuna kitalu cha maua ambacho mwenye nyumba anakipenda kuliko huo mti. Naangalia upana wa geti, na umbali wa kutoka kwenye shina hadi gari linapoweza kusimama, kwa sababu kila tawi litapita hapo mikononi mwa mtu. Hatua 60 za kuburuta matawi zinaweza kukula muda kuliko kuyakata. Miti miwili ya ukubwa mmoja, mmoja uko uwanjani peke yake na mwingine umebanwa kati ya paa na ukuta, haiwezi kuwa na bei moja. Wa kwanza unauangusha mzima. Wa pili unaushusha kipande kwa kipande kwa kamba.

Bei ya kwenye simu sitoi, hata nikitumiwa picha. Picha haionyeshi waya wa umeme uliojificha nyuma ya majani, wala tundu la kuoza lililo upande wa pili wa shina. Nikishaona ndipo naandika, na kuandika kwenyewe si lazima kuwe mkataba wenye mihuri. Ujumbe wa simu unatosha. Mti upi. Kama ni ua wa mimea, ubaki na kimo gani. Kisiki kiachwe au king'olewe, maana kung'oa kisiki ni kazi nyingine kabisa. Magogo ni ya nani. Taka anaondoa nani. Kuna mteja alinipigia akaniambia nikate "ule wa kulia" halafu akasafiri. Kulia ukiwa unaingia, au ukiwa unatoka? Nilimpigia kuuliza na ikawa ni ule niliodhani siyo. Siku hizi mti unaokatwa naufunga utepe mbele ya mwenyewe.

Mti wa mpakani usiuguse mpaka majirani wote wawili wawe wamekubali, na kila mmoja akusikie ukizungumza na mwenzake. Pia kuna sehemu nyingi ambako miti ya aina fulani, au yenye ukubwa fulani, haikatwi bila kibali cha mamlaka ya eneo. Mwambie mteja akitafute na akuonyeshe karatasi kabla hujawasha mashine. Atakayekutwa na msumeno mkononi ni wewe.

Sasa nizungumze kuhusu ngazi, kwa sababu ngazi ndiyo iliyonivunja kifundo cha mkono.

Nilikuwa nimeiegemeza kwenye tawi nene lililolala, nikapanda, nikaanza kukata mbele ya pale ngazi ilipoegemea. Nilijiona mjanja, maana sikuwa nakata nilipoegemea. Tawi lenye majani mabichi linakuwa limepinda kwa uzito wake. Sehemu ya mbele ilipoanguka, iliyobaki ikapunguziwa mzigo, ikanyanyuka. Ngazi ikabaki haina pa kuegemea. Nilianguka kama mita tatu, na bahati yangu nilikuwa na msumeno wa mkono, si wa mashine. Nilikaa wiki sita bila kazi, na wateja wawili wakaenda kwa mwingine. Ngazi sasa naitumia kupanda tu; kukata nakata nikiwa nimejifunga kwenye shina kwa mkanda na kamba ya kupandia, au niko chini na msumeno wenye mpini mrefu. Kazi inayotaka zaidi ya hapo namwita mpandaji aliyefunzwa, nagawana naye malipo, na naenda nyumbani nikiwa mzima.

Msumeno wa mnyororo, chenso kama wengi tunavyouita, usiutumie juu ya ngazi kamwe. Usiutumie ukiwa peke yako pia. Ncha ya juu ya upanga wake, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, ikigusa kitu kigumu, mashine inaruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo huwezi kuiwahi. Helmeti yenye wavu, viziba masikio, buti ngumu na suruali ya kinga, ile yenye nyuzi ndani zinazonasa mnyororo na kuusimamisha: hivi nunua kabla ya mashine ya pili. Najua suruali hiyo ina joto. Vaa.

Mnyororo butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu unakulazimisha kusukuma. Angalia kinachotoka: ukiona maranda, uko sawa, ukiona vumbi kama unga, simama uchukue tupa ya duara. Mimi nanoa kila ninapojaza mafuta, mara mbili tatu kila jino, haimalizi dakika kumi. Mchanganyiko wa petroli na oili kwa mashine nyingi za sasa ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, lakini soma kitabu cha mashine yako. Niliwahi kuua injini kwa kukadiria kwa macho.

Msaidizi wako ndiye mtu muhimu kuliko wewe uliye juu. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia watu wasipite, kuburuta matawi kunafuata. Tukiangusha mti mzima, mtu yeyote anakaa mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti huo, na mimi mkataji natengeneza njia ya kukimbilia kwa mshazari, nyuma na pembeni, kabla sijatia msumeno. Kata ya mwanzo ya kuelekeza inaingia kama robo ya unene wa shina, kisha unakata kutoka nyuma na kuacha bawaba ya mti usiokatwa, takriban sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba hiyo ndiyo usukani. Ukiikata yote, mti unaenda unakotaka wenyewe. Na usidharau uzito: mti mbichi wa aina nyingi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo pingili ya urefu wa mita moja na upana wa sentimita 40 inazidi kilo 100. Nimeona kamba nzuri ikikatika kwa sababu pingili kama hiyo iliachiwa ianguke kidogo kabla kamba haijakaza.

Kuhusu waya za umeme sina mjadala. Tawi likiwa karibu na waya, shirika la umeme ndilo linaitwa. Umeme mkubwa unaweza kuruka bila kuguswa. Nyuki nao: nikikuta mzinga, namtafuta mrina asali, narudi siku nyingine.

Kuna jambo wateja watakuomba ambalo itabidi ujifunze kukataa: "Kata kichwa chote, mti umekuwa mrefu mno." Mti uliokatwa kichwa huchipua kwa hasira, na machipukizi yale yanashikilia kwa ngozi ya juu tu. Miaka michache baadaye ni mazito, yanapasuka kwa upepo, na anayelaumiwa ni fundi. Namweleza tunaweza kupunguza matawi ya pembeni hadi yalipogawanyika, tena tusitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Tawi nene nalikata mara tatu: kwanza kwa chini, kidogo, mbali na shina, halafu kwa juu, mbele kidogo, lianguke bila kuchuna ganda, mwisho kile kigutu, nje kidogo ya uvimbe unaozunguka pale tawi linapotokea. Uvimbe huo usiukate. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kuonyesha kwamba mti hauponi kidonda kama sisi. Unakizungushia ukuta ndani na kuendelea kukua nje yake. Ndiyo sababu kupaka rangi kwenye kidonda hakusaidii kitu. Baadhi ya wateja wanaitaka rangi hata hivyo, kwa kuwa inaonekana kama dawa. Nawaambia wabaki na hela yao.

Nimeongea sana kuhusu miti, lakini kinacholipa kodi yangu ni ua. Mti ukishaukata, mteja huyo umemaliza naye. Ua unaota tena. Wateja kumi wa ua wanaokuita kila baada ya miezi michache ni mshahara, na nawapangia ratiba mimi mwenyewe, sisubiri waone michongoma imefunika njia. Ua uliokaa miaka miwili bila kuguswa ni kazi mara tatu ya ule wa kila msimu, na bei yake iwe hivyo. Wengi wetu tunaharibu hapa.

Funga uzi kati ya vigingi viwili. Jicho linadanganya ukiwa karibu. Chini pawe pana kuliko juu, mwinamo kidogo tu, ili mwanga ufike chini. Ua ulio mpana juu hukauka miguu na kubaki na mapengo. Saipresi usiikate kupita majani ya kijani ukaingia kwenye vijiti vya kahawia visivyo na majani, haitachipua tena hapo, na hiyo ni makosa ya siku moja yanayoonekana miaka yote. Ua wa mnyaa vaa miwani inayofunika pande zote, utomvu wake jichoni si mchezo. Chungulia viota kabla ya kuwasha mashine. Kikiwa na makinda, ruka sehemu hiyo.

Kabla sijakata hata jani, natandaza turubai chini ya ua mzima. Dakika tano hizo zinaniokolea saa nzima ya kuokota vijiti kwenye majani. Matawi ya mti nayapanga vitako upande mmoja, panda zake nazikata zilale, nayakanyaga. Gari lililojazwa hovyo hubeba hewa. Mwisho kabisa nafagia mpaka nje ya geti, barabara ya watu, hata kama tuliikuta chafu.

Mara nyingi jirani anatoka wakati huo, nikiwa bado na reki mkononi, kuuliza wa kwake nitamkatia kwa bei gani. Namwambia twende kwanza nikaone patakapoangukia.