Hesabu mbili za mwaka mmoja

SWALI: Assalaam aleikum. Nasoma chuo hapa Mombasa, na nimepewa kazi ya kuchora mwendo wa visa vya kujiua katika nchi moja kwa miaka mingi. Nimechagua Japani, lakini kwa mwaka 1998 napata hesabu mbili: 32,863 na 31,755. Nishike ipi? Tena babu ashikilia kwamba kwetu zamani mambo haya hayakuwako. – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ya polisi, wanaohesabu hata wageni waliofia huko; ya pili ni ya Wizara ya Afya, inayohesabu raia tu. Shika moja uende nayo hadi mwisho. Ukianza na wizara kisha ukarukia polisi, mstari utapanda bila vifo kuongezeka.

Usichore idadi tupu. Gawanya vifo kwa idadi ya watu, kisha zidisha kwa 100,000. Chukua hiyo 32,863 kwa watu milioni 126.4: unapata 26. Mwaka 1997 vifo vilikuwa 24,391, yaani kama 19. Mruko huo si wa makarani; uchumi ulikuwa umeyumba, benki zimeanguka, na walioongezeka sana ni wanaume wa makamo. Kwa kuwa Wajapani wamezidi kuzeeka, ukivuka miongo kadhaa tumia viwango vilivyosawazishwa kwa umri, yaani vilivyokokotolewa kana kwamba mgawanyo wa vijana na wazee haukubadilika.

Ila usiusingizie uchumi kila pindo la mstari. Sri Lanka ilikuwa na takriban 47 kwa kila watu 100,000 mwaka 1995. Miaka kumi baadaye kiwango kilishuka karibu nusu, na umaskini ulikuwapo bado. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilipiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi.

Babu naye mwambie hivi, kwa adabu: Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa jinai chini ya kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Familia gani ingejitangaza? Kifo kikiandikwa “ajali”, hakihesabiwi. (Kazi hii ikikuelemea, au ukiwa na mtu anayezungumzia kujiua, Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bure kwa 1199.)

Kwa hiyo, kando ya safu ya kujiua, alama X60 hadi X84 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi (ICD-10), chora pia Y10 hadi Y34, vifo ambavyo nia haikujulikana. Ya kwanza ikishuka huku ya pili ikipanda, shuku uandishi kwanza.